Wajenzi wa Ukuta na Wanafunzi wa Vyuo

Neno la kusomwa: Nehemia, mlango wa 3 na mlango wa 5



Mlango wa tatu wa kitabu cha Nehemia husomwa na watu wachache. Wengi wakiufikia huuruka, maana ni orodha ya majina tu: huyu alijenga hapa, na baada yake yule akajenga pale. Nasi tuliuruka miaka mingi. Lakini siku hizi, tukiona jinsi watoto wetu wanavyotoka Masasi na Newala kwenda vyuoni, na jinsi wanavyorudi, tumeanza kuusoma polepole.

Swali letu ni hili. Kijana akikaa chuoni miaka mitatu au minne, je, kusoma kwake kutamfanya kuwa raia mwema? Wazee wetu walidhani kwamba elimu peke yake yatosha. Sisi tumeona kwamba haitoshi. Wako waliosoma sana ambao hawajui jina la mwenyekiti wa kijiji chao, wala hawajaketi katika mkutano wa kijiji hata siku moja; kura hawapigi, na daraja likivunjika hulalamika kwa simu wakiwa mjini. Kwa sababu hiyo wenye vyuo, hapa petu na katika nchi za mbali, wamejaribu njia nyingine. Humtuma mwanafunzi akawatumikie watu angali akisoma, ili utumishi ule uwe sehemu ya masomo yake, naye akirudi huulizwa ameona nini. Twataka kuitazama njia hii, inaleta nini moyoni mwa kijana, na kwa nini mara nyingine haileti kitu.

Basi na tuufungue mlango wa tatu. Eliashibu kuhani mkuu alianza pamoja na ndugu zake makuhani, wakajenga Lango la Kondoo. Wafua dhahabu walijenga, na watengenezaji wa manukato walijenga, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Shalumu alijenga, yeye na binti zake. Malkiya, aliyekuwa mkubwa wa mtaa wa Beth-hakeremu, alipata Lango la Jaa, mahali pa kupitishia taka za mji, naye akalijenga na kutia milango yake. Hatusomi kwamba aliomba apewe lango jingine. Lakini katika orodha hiyo liko neno moja chungu. Watu wa Tekoa walijenga sehemu yao, ila wakubwa wao walikataa kuinama na kubeba. Hata hivyo wadogo wale wa Tekoa, walipoimaliza sehemu ya kwanza, wakajenga na ya pili.

Tusiwahukumu upesi wakubwa wa Tekoa, kwa maana tumewahi kuwaona katika nchi yetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa shule na vyuo vingine vya mji ule, waliandamana mpaka Ikulu kuikataa sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria iliwataka watumike miaka miwili, kwanza kambini, kisha katika kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wengine walibeba bango la kusema kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hupenda kusimulia hasira yake. Sisi twaona kuwa lile la mshahara ndilo la kukumbukwa zaidi, kwa kuwa alilolitaka kwa vijana alilianza kwake. Nehemia naye, akiwa liwali miaka kumi na miwili, hakula posho ya uliwali, maana aliona jinsi watu walivyolemewa.

Vijana wale walikosa. Twasema hivyo waziwazi. Lakini hawakukosa peke yao. Walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba shule ni ngazi ya kumtoa mtu kijijini, na kila darasa walilopanda liliwathibitishia neno hilo. Kisha walipofika juu, sheria ikawaambia washuke. Mwalimu mwenyewe aliliona jambo hili, na mwezi wa Machi 1967 akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia shamba, na mwanafunzi awe mtu wa kijiji chake tangu siku ya kwanza. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, tena ashuhudiwe na wakubwa wa kazi na wa chama. Baadaye amri hiyo ikalegezwa. Jeshi la Kujenga Taifa kwa wahitimu wa kidato cha sita likasimamishwa mwaka 1994, likarudishwa mwaka 2013. Hivyo nchi yetu haikupungukiwa na sheria za kutumika.

Ilipungukiwa na nini? Sisi tuliosoma katika miaka ya Elimu ya Kujitegemea twakumbuka shamba la shule tuliyosoma. Aliyechelewa alipewa jembe, na aliyepiga kelele darasani alipewa jembe. Hakuna aliyetuuliza kwa nini mahindi yale yalikauka, au fedha ya mavuno ilikwenda wapi, au wakulima wa jirani hufanyaje. Tulilima, tukanawa mikono, tukarudi kwenye vitabu vyetu, na moyoni tukaapa kwamba jembe na sisi tutaachana. Jembe likifanywa adhabu, huwafundisha vijana kulichukia jembe, na mwenye jembe pia.

Sasa tutazame mfano ulio karibu nasi, nao ni wa zamani zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka pwani pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakielekea upande wa Nyasa; walipofika Masasi wakakaa. Hao hawakuwa Walutheri, na katika wilaya hizi sisi tu wachache, lakini habari yao ni urithi wetu sote. Katika misheni hiyo alikuwako Cecil Majaliwa. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma katika chuo cha Kiungani, Unguja. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, katika nchi ya Newala, kwa mkuu Nakaam wa Wayao, ambaye baadaye alibatizwa Barnaba. Mwaka 1890 Majaliwa akawa padre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile, naye akaendelea na kazi Chitangali mpaka mwaka 1897.

Hesabuni miaka. Ni kumi na mmoja. Kijana aliyetoka chuoni Unguja, mwenye kujua Kiingereza na vitabu, alikaa miaka kumi na mmoja mahali ambapo mambo yake yote yalitegemea kusikilizana na wenyeji. Hatudhani kwamba angalifanya hata sehemu ya kumi ya kazi yake kama angalikaa majuma manane, akapiga picha, akaandika taarifa na kuondoka. Wanafunzi wetu wa leo hatuwezi kuwadai miaka kumi na mmoja; masomo yana ratiba yake. Lakini twaweza kuwadai lile ambalo Nehemia alilifanya kabla ya kusema neno lolote. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta, akatazama kila mahali palipobomoka na kila lango lililoteketea, wala hakumwambia mtu ameazimia nini. Aliona kwanza, ndipo akawaita watu.

Siku hizi Kitangali pana chuo cha ualimu. Tuseme binti mmoja wa chuo kama hicho amepelekwa kufundisha kwa vitendo katika kijiji kimoja juu ya Uwanda wa Makonde. (Mtu huyu ni wa mfano tu, msimtafute.) Anaona watoto wa kike wanafika wamechelewa, nao husinzia kabla ya saa nne. Siku ya kwanza anawaadhibu. Siku ya tatu anawauliza. Kesho yake anaamka alfajiri na kwenda nao, na ndoo kichwani. Ndipo anapojua kwa miguu yake jambo alilolisoma katika jiografia, kwamba mchanga wa uwanda ule hunywa mvua yote, na maji hupatikana chini mabondeni. Bibi zetu waliyapanda magenge yale na mitungi, na aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu, Newala, akatazama chini kuelekea Ruvuma, hahitaji kuelezwa ugumu wake. Ni katika miaka ya 1950 ndipo maji yalipoanza kusukumwa kwa mitambo kutoka bondeni kuja juu, na mpaka leo mtambo ukisimama, ndoo hurudi vichwani.

Binti huyu amekwisha kutumika. Amefundisha, amebeba maji. Akiishia hapo, atarudi chuoni na moyo wa huruma, nao ni mwema. Lakini mwalimu wake wa chuo akiwa mtu wa busara, atamwuliza: Mbona bomba lilikuwa kavu? Ni nani ashikaye daftari la kamati ya maji? Fedha ya ndoo huhesabiwa mbele ya nani? Hapo binti ataona kwamba maji ni jambo la bomba, tena ni jambo la mkutano. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Katika kijiji kile yeye ni mgeni, akae kimya na kusikiliza. Lakini kwao, Nanyumbu au Tandahimba, yeye ni mwenye nafasi, na labda hajawahi kuikalia.

Waalimu wawili, Joel Westheimer na Joseph Kahne, mwaka 2004 waliandika juu ya shule za Amerika zilizowatuma vijana kutumika. Waliona namna tatu za raia zinazotoka katika mafunzo hayo. Wa kwanza hutoa chakula panapo njaa. Wa pili hukusanya watu ili chakula kitolewe kwa taratibu. Wa tatu huuliza njaa ile imetoka wapi, na jinsi ya kuiondoa. Tena waliona kwamba shule ikifaulu kuzaa wa namna moja, si lazima imzae na mwingine. Neno hili ni zito kwetu sisi watu wa kanisa. Wa kwanza tunao wengi, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wa pili tunao pia. Tazameni kamati zetu za mavuno. Wa tatu tunamwogopa.

Hapo ndipo mlango wa tano wa Nehemia unapotushika. Ukuta haujakwisha, watu wanabeba mawe bega kwa bega, na katikati ya kazi kilio kinatokea. Wake kwa waume wanasema wameweka rehani mashamba yao na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili kulipa kodi ya mfalme. Watoto wao wanatiwa utumwani. Na wakopeshaji si wageni. Ni ndugu zao, wakubwa wa watu walewale. Kwa nini kilio hicho kinasikika kwa Nehemia sasa? Twadhani ni kwa sababu wenye kujenga pamoja husemezana. Mtu aliyebeba jiwe pamoja nawe siku thelathini atakuambia siri ambayo hatamwambia mkaguzi.

Sisi wa Masasi na Newala hatuhitaji kwenda Yerusalemu kuuelewa mlango huu. Tuna kangomba. Kila mkulima wa korosho anajua: katika miezi ya njaa, ghala likiwa tupu na mtoto akidaiwa michango ya shule, anakuja mtu na fedha kidogo au debe la mahindi, na korosho ambazo hazijaanguka bado zinakuwa mali yake kwa bei anayoitaka yeye. Mwezi wa Oktoba mkulima anaokota chini ya mikorosho yake mwenyewe kama kibarua. Tangu mwaka 2007 uko mpango wa stakabadhi ghalani, korosho zikusanywe na chama cha msingi na kuuzwa kwa mnada, na serikali imekataza kangomba mara nyingi. Lakini aliye na njaa mwezi wa Februari hawezi kungoja mnada wa Oktoba, na mara nyingine karatasi ya makato ya chama haisomeki na mkulima hata akipewa.

Basi mwanafunzi wa hesabu au wa biashara akirudi likizoni, kazi yake iko hapo. Aketi na wakulima, awasomee karatasi ile mstari kwa mstari: hii ni ya ushuru, hii ya magunia, hii ya usafiri, hii hatujui ni ya nini, twende tukaulize. Ni kazi ndogo. Haina picha nzuri. Lakini kijana aliyeifanya mara tatu hatakuwa tena mtu wa kulalamika kwa simu. Amekwisha kujua ofisi iko wapi, kanuni inasema nini, na kwamba mwenyekiti ni mtu anayeweza kuulizwa swali.

Wala tusifiche jambo lililo gumu. Nehemia alipowakemea wakubwa, aliita mkutano mkubwa, akadai mashamba yarudishwe na riba irudishwe. Kijana wetu hana cheo cha Nehemia. Akiuliza swali lile, siku ya pili baba yake ataitwa na kuambiwa amzuie mwanawe. Na yule anayenunua kangomba yamkini ameketi ubao wa mbele kanisani, naye ndiye aliyetoa mabati ya nyumba ya mwinjilisti. Hapo wazee wa usharika watasema nini? Tumesikia mara nyingi neno lile: kijana, usituletee fitina. Tulisema sisi wenyewe zamani, nasi twajuta. Kijana aliyenyamazishwa hivyo hujifunza uraia pia, ila ni uraia wa kukaa kimya, na hatausahau upesi kuliko masomo yake.

Mashahidi wa kwamba kazi ya ujana huzaa matunda ya uzeeni wako. Mwaka 1884 padre mmoja wa London, Samuel Barnett, alifungua nyumba iitwayo Toynbee Hall katika mitaa ya maskini, ili watu wa vyuo vikuu wakae pale kama majirani. William Beveridge alifanya kazi pale akiwa kijana, na Clement Attlee alikuwa katibu wa nyumba hiyo kwa muda. Mwaka 1942 Beveridge aliandika taarifa juu ya bima ya maskini, wagonjwa na wazee. Na Attlee alipokuwa Waziri Mkuu, mwaka 1948 Uingereza ikaanza kuwatibu watu wote bila malipo ya papo hapo. Si kila aliyekaa katika nyumba ile alifika huko, wala haikuwa lazima. Lakini hao wawili, walipoandika sheria, walikuwa wamekwisha kuona kwa macho vyumba vya watu ambao sheria ile iliwahusu.

Na sisi Walutheri tuna mashahidi wa nyumbani. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani wafungue shule, akashauri kwamba mtoto asome saa moja au mbili tu kwa siku, na saa nyingine afanye kazi nyumbani na ajifunze ufundi, mambo yote mawili yaende pamoja. Katika Katekismo Ndogo, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, alitia humo na serikali njema. Wanafunzi wetu wa kipaimara hukariri neno hilo, kisha wengi hulisahau. Mchungaji wa Denmark, N. F. S. Grundtvig, alitaka shule za watu wazima wa mashambani ambako wakulima wangejifunza mambo ya nchi yao ili wasitawaliwe kama mifugo, na ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikaiga, na tangu mwaka 1975 nchi yetu, kwa msaada wa Sweden, ikaanzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi. Masasi kiko kimoja, na Newala kiko kingine. Wengi hupita mlangoni pake na kudhani ni mahali pa kujifunza useremala na ushoni tu.

Kwa hiyo twawaomba ninyi waalimu wa mitaa jambo hili. Vijana wa vyuo warudipo likizoni, sisi huwapa kwaya na kufagia kanisa. Wapeni na hayo. Lakini mwaka huu waiteni Jumapili ya kwanza baada ya ibada, mwaulize kila mmoja anasoma nini, na mumpatie mzee mmoja wa kufuatana naye: anayesoma uuguzi aende zahanati, anayesoma hesabu aende chama cha msingi, anayesoma sheria akae na wajane wanaodai mashamba. Baada ya majuma manne waiteni tena, wala msiwaulize wamefanya nini kabla hamjawauliza wameona nini, na nani amewafundisha. Mkisikia jina la mtu mkubwa likitajwa, msiinuke.

Wako watakaosema kwamba wao ni wanafunzi tu, hawana nyumba wala shamba, watajenga wapi? Wasomeeni mstari wa thelathini wa mlango ule wa tatu. Baadhi ya watu pale walijenga mbele ya nyumba zao, lakini yuko Meshulamu mwana wa Berekia, ambaye hatusomi habari ya nyumba yake. Alikuwa na chumba, naye alijenga mahali palipokielekea chumba chake.